Daktari Akiulizwa

Madinat Sultan Qaboos, Muscat
20 Januari 1997

Mdogo wangu Yaarub,

Salamu nitakupa mwisho wa barua, ukizistahiki.

Jana nilikwenda Hamriya kutafuta kitambaa cha Idi cha binti yangu Zakiya. Dukani nikakutana na mke wa binamu yetu Saeed. Mbele ya wauzaji na wanunuzi akanambia, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kwamba wamesikia khabari za Yaarub na wanamwombea. Nikamuuliza wanamwombea kwa lipi. Akasema mwanawe anayesoma Marekani kapiga simu, kasema serikali ya huko inawaandama madaktari wanaowapa wagonjwa bangi, na jina lako limo gazetini.

Bangi, Yaarub. Nilisimama pale na kitambaa mkononi, sijui nikiweke wapi.

Mie ndiye niliyekulea. Mama alipofariki Unguja, weye hata viatu hujui kufunga. Nilikuja nawe huku Muscat, nikakutia skuli, nikakusimamia mpaka ukapata nafasi ya kwenda kusoma udaktari, na siku unaondoka nililia uwanja wa ndege wa Seeb mpaka mume wangu akaona haya. Sikuyafanya yote hayo ili uje uwe mgawa bangi.

Nataka jawabu. Usipige simu. Simu iko ukumbini, na nyumba hii Ramadhani haikosi watu. Andika.

Sisi wazima. Mie nna tezi za shingo zimevimba tangu mwezi wa Rajabu, na Salem kashikilia niende hospitali. Nimemwambia baada ya Idi. Ni uchovu tu.

Haya, salamu. Funga njema.

Dada yako,
Mastura


San Francisco
9 Februari 1997

Dada yangu Mastura,

Idi njema kwako, kwa shemeji Salem na kwa Zakiya. Nimeswali asubuhi katika ukumbi wa kukodi, pamoja na Wayemeni na Wapakistani, na barua yako iko mfukoni.

Sigawi bangi. Siiuzi, sijaishika, na dukani kwa mfamasia haipo. Mke wa Saeed amepata nusu ya khabari, na nusu aliyoipata imekaa upande.

Nchi hii ina serikali mbili juu ya kichwa kimoja. Kuna jimbo, na juu yake kuna serikali ya shirikisho iliyoko Washington. Sisi watu wa Unguja hatuhitaji kufafanuliwa sana. Tunajua mambo ya kuwa na serikali yako na juu yake ikawepo ya Muungano, kila moja ikavuta kamba kwake. Novemba wananchi wa jimbo hili la California walipiga kura, wakakubali kwamba mgonjwa aliyependekezewa bangi na daktari wake, kwa maradhi yake, jimbo lisimshitaki. Washington wakajibu kwamba kwao bangi ni marufuku, na kura ya jimbo haibadilishi kitu. Hapo ningenyamaza, mimi si mwanasiasa. Lakini kabla ya mwaka mpya wakatangaza jengine: daktari atakayempendekezea mgonjwa anaweza kunyang'anywa ruhusa ya kuandika dawa kali, na hata kupelekwa mahakamani.

Nna mgonjwa, Mzee Jacob, dereva wa treni mstaafu. Ana saratani ya tumbo. Dawa tunazomtibu nazo zinamtapisha hata maji, na nimempa kila kitu cha kutuliza ninachokijua. Mkewe humleta kamshika mkono kama mtoto. Siku moja mzee akaniuliza, "Daktari, jirani yangu anasema bangi ilimsaidia kula. Wewe unaonaje?"

Nimesoma miaka yote ile ili mtu aniulize swali kama hilo. Nikamwambia ninalolijua: wako inaowasaidia, wako isiowasaidia, ina madhara haya na haya, na kwa hali yake sioni ubaya akijaribu. Basi. Baadaye mwandishi wa gazeti akaja hospitali kutuuliza kama tutaendelea kuwajibu wagonjwa. Wenzangu wakatazama viatu vyao. Mimi nikasema nitajibu. Ndivyo jina langu lilivyoingia.

Sasa madaktari na wagonjwa wameishitaki serikali ya shirikisho, na wakili wao anataka nitoe tamko la kiapo. Wengi wao ni raia. Mimi nna pasi ya Oman na kadi ya ukaazi, na kadi ya ukaazi hutoka Washington, haitoki California. Sijampa jibu. Sitaki kufanya jambo kama hili bila ya kukuuliza.

Na hizo tezi, nenda hospitali kabla hujaikunja barua hii.

Mdogo wako,
Yaarub


Muscat
1 Machi 1997

Yaarub,

Nimekusoma, na Salem nimemsomea. Salem kasema una haki. Salem kila mtu humwambia ana haki, ndiyo maana mafundi bomba wanatuchezea.

Mie nasema hivi. Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Serikali imesema usiseme, usiseme. Hao wenzako waliotazama viatu ndio wenye akili. Yule mzee namwonea huruma, lakini yeye ana watoto wake, ana nchi yake. Weye una nini huko zaidi ya kadi? Siku watakayokutia ndani, nani atakayekuletea chakula? Usitie saini kitu. Huu si ushauri. Nakukataza.

Hospitali nilikwenda baada ya Idi, usije ukasema sisikii. Walikata tezi moja wakaipeleka kupimwa. Daktari ni kijana wa Nizwa, ana adabu nyingi, na hanitazami usoni. Majibu yalipotoka akamwita Salem nje, wakazungumza mpaka kahawa yangu ikapoa, kisha wakarudi wote wawili wanacheka kicheko cha mazishini. Wakasema ni uvimbe tu wa tezi, utaondoka kwa dripu.

Dripu yenyewe ina dawa nyekundu kama sharubati ya Vimto. Toka siku ile siitaki tena Vimto duniani. Nilitapika mpaka nikawa natapika upepo. Harufu ya wali ilinitoa jikoni siku nne. Na wanataka nirudi, tena na tena, mpaka jua la kiangazi liwake! Tezi tu, mtu ateswe hivyo? Sirudi. Nimemwambia Salem nitakanda kwa mafuta ya habbasoda na yeye asinisumbue.

Dada yako,
Mastura


Ruwi
3 Machi 1997

Shemeji yangu Yaarub,

Nakuandikia kutoka ofisini, na Mastura hajui.

Si uvimbe wa tezi. Ni saratani ya tezi, ile mnayoiita Hodgkin. Daktari alitaka kumwambia mwenyewe. Mimi ndiye niliyemtoa nje na kumwomba asimwambie. Unazijua desturi zetu. Maradhi haya hayatajwi mbele ya mwenyewe. Watu wanasema akilisikia jina, moyo hukatika kabla ya mwili. Marehemu baba yangu aliondoka nayo hajui, na siku zake za mwisho alikuwa akipanga safari ya Salalah.

Ila nimejifunga kamba mwenyewe. Kwa kuwa anadhani ni uvimbe tu, amekataa kurudi. Daktari anasema ugonjwa wake ukitibiwa sasa walio wengi hupona, na ukiachwa hauna subira. Nimembembeleza, nimemnunia, nimemwita dada yangu aje kumbembeleza. Anatuona watoto.

Wewe anakusikiliza. Mwandikie arudi. Mwambie lolote litakalokujia, ila jina la maradhi usilitaje. Nakuomba kama mtoto wa mama mmoja.

Salem


San Francisco
15 Machi 1997

Shemeji Salem,

Nilipiga simu mara tu nilipokusoma. Ukanambia amelala, nami nilikuwa namsikia nyuma yako akimgombeza mtu jikoni.

Sikulaumu. Najua ni mapenzi, na najua ulivyompenda baba yako. Lakini hebu liangalie ulilonitaka. Umenitaka nimwambie lolote isipokuwa kweli. Huku nilipo serikali nzima inanitaka jambo hilohilo kwa wagonjwa wangu, na mimi usingizi wangu umepotea kwa sababu hiyo.

Nitamwandikia arudi kwenye dripu, na barua hiyo inakuja pamoja na hii. Ndani yake sikulitaja jina. Nimekuachia wewe, kwa sababu wewe ndiye mumewe na kwako ndiko lilikostahiki kutoka. Mwambie, Salem. Lakini akiniuliza mimi, sitamdanganya.

Yaarub


Muscat
22 Machi 1997

Mdogo wangu Yaarub,

Barua yako imefika. Umeandika kurasa mbili kunitaka nirudi kwenye dripu, na hata mahali pamoja hukusema kwa nini. Weye tangu mdogo hukuwa mtu wa kunena jambo bila ya kulieleza. Nimekaa nayo kutwa.

Sasa nikupe yangu. Salem siku hizi nikimgombeza hajibu. Mapazia yale aliyoyakataa miaka mitatu, juzi kaja nayo mwenyewe. Wifi yangu kaja kunitembelea, akanikumbatia mlangoni na shingo yangu ikalowa. Zakiya kaacha kuniomba ruhusa ya kwenda popote. Yuko nyumbani ananitazama.

Na siku ya ile dripu, kitanda cha pili alikuwepo mama mmoja wa Qurayyat. Chupa yake nyekundu kama yangu. Nikamuuliza naye kama ni tezi. Akanambia, "Mimi walisema ni tezi pia, dada. Mwanangu ndiye aliyeteleza ulimi." Kisha akageukia ukutani. Nilijifanya sikumfahamu. Nimejifanya mpaka jana.

Kwa daktari wa Nizwa nimeogopa kwenda peke yangu, na Salem nikimuuliza atalia au atasema uwongo, na vyote viwili sivitaki. Basi nakuuliza weye. Mie si dada yako sasa. Mie ni mgonjwa, na weye daktari, nimekukalia mbele kama yule mzee wako. Nna nini, Yaarub?

Mastura


San Francisco
31 Machi 1997
(kwa mkono wa tarishi wa haraka)

Dada yangu,

Unayo saratani ya tezi. Jina lake ni Hodgkin.

Sasa kaa kitako, usome yaliyobaki, maana neno lile linapiga kelele na hufunika yote yanayokuja baada yake. Nimemwomba daktari wako majibu kwa simu na amenisomea. Imekamatwa mapema. Katika saratani zote ninazotibu, hii ni mojawapo ya zile ninazomwambia mgonjwa, bila ya kumtuliza kwa maneno, kwamba walio wengi hupona kabisa. Lakini hawaponi kwa habbasoda. Hupona kwa ile dawa nyekundu na wenzake, na lazima uimalize yote. Nywele zitakutoka, kisha zitaota. Utachoka kupita uchovu wowote unaoujua. Kuhusu wale ambao haiwaponyi, wapo, sitakuficha. Ukitaka kujua zaidi, niulize nami nitajibu.

Kutapika: mwambie daktari kila kitu, ule upepo na harufu ya wali na siku nne. Hukumwambia, naye hakuuliza, basi ataongeza nini? Iko dawa ya kuzuia inayotiwa kabla ya dripu, na hospitali yenu wanayo. Ile niliyozungumza na Mzee Jacob usiifikirie. Kwenu ni kosa na wala huihitaji.

Usimkasirikie sana Salem. Alibeba peke yake mzigo wa watu wawili.

Tamko la kiapo liko mezani kwangu. Sijatia saini. Umenikataza, nami nimetii.

Yaarub


Muscat
5 Aprili 1997
(kwa faksi ya ofisini kwa Salem)

Yaarub,

Nilikusoma nimesimama jikoni. Nikalizima jiko, nikaingia chumbani, nikalia kama sijapata kulia tangu Mama. Nilipomaliza nikaosha uso, nikavaa, nikamwambia Salem atoe gari. Akauliza wapi. Nikamwambia hospitali, na njiani asinisemeshe.

Daktari wa Nizwa alikuwa na mgonjwa. Nikangoja. Alipotoka akamtazama Salem, kama kawaida yake. Nikamwambia, "Mwanangu, mwenye tezi ni mie. Nitazame mie."

Akanitazama. Nikamwambia ninalijua jina la maradhi yangu, na nataka nilisikie kwake, pamoja na yote anayoyajua, na asinipunguzie. Salem akaanza kusema neno. Daktari akainua kiganja, kwa heshima, akamnyamazisha. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane, akanieleza. Alinichorea tezi kwenye karatasi, hizi zimeshikwa, hizi hazijashikwa. Yaarub, yule kijana alisema kwa muda mrefu na kila akisema mabega yake yalizidi kushuka, kama mtu anayetua mzigo. Mwisho akanambia, "Nilitaka kukwambia siku ya kwanza, mama." Nikamwambia najua, nilikuona ulivyokuwa ukivitazama viatu vyako.

Salem alilia hapo hapo. Nikampa ncha ya shela yangu.

Sikukatika moyo. Nilikuwa nimekatika zamani, nilipokuwa siambiwi, nilipokuwa nadhani nyumba nzima imeingia wazimu au mimi. Kulijua jina lake ni kama kuwashiwa taa chumbani: nyoka yupo, lakini sasa namwona alipo na nna fimbo. Jumanne naanza tena. Dawa ya kuzuia kutapika ameiandika.

Sasa yako. Nilikukataza kwa sababu nilidhani unagombania bangi. Bangi mie siijui na wala sitaki kuijua. Lakini ukinyamazishwa mbele ya mgonjwa aliyekuuliza, hilo nalijua, nimekaa upande wa pili wa kiti. Serikali zenu hizo mbili na zigombane mpaka zichoke. Kati ya daktari na aliyemkalia mbele hapana nafasi ya kiti cha tatu.

Tia saini. Jina lako, na la baba, na la babu, na la ukoo. Wakikurudisha, kitanda chako kipo.

Dada yako,
Mastura


San Francisco
2 Mei 1997

Dada yangu,

Nilitia saini siku ile ile faksi yako ilipofika. Wakili aliona nimeandika majina manne akauliza kama yote ni yangu. Nikamwambia ni amri kutoka juu.

Na juzi jaji ametoa amri. Mpaka kesi isikilizwe yote, serikali ya shirikisho haina ruhusa ya kumwadhibu daktari kwa sababu tu amezungumza na mgonjwa wake kwa uaminifu. Bado si mwisho. Kesi kama hizi huchukua miaka na Washington hawachoki kukata rufaa. Lakini asubuhi ya leo niliingia hospitali, na wenzangu, wale waliotazama viatu, walisimama. Mmoja alinishika mkono. Mzee Jacob alikuwa chumba cha kungojea na mkewe. Alikuwa akila ndizi. Mkewe alikuwa anamtazama anavyotafuna kana kwamba anatazama sinema.

Shemeji kaniandikia kwamba umemaliza dripu nyengine na umetapika mara moja tu, tena kwa hasira. Nimecheka mpaka nesi akaja kuangalia.

Yaarub


Ruwi
26 Julai 1997

Shemeji Yaarub,

Mastura amenituma nikuandikie, kwa kuwa vidole vyake vimekufa ganzi na kalamu humtoka. Usishtuke, daktari amesema hilo hutokea.

Amekonda, na kichwa ni kama yai. Nyumbani hafungi kilemba. Anasema kila anayeingia aone, asije akanong'ona baadaye. Mke wa Saeed alikuja, akaanza kumwambia tezi hizi ni jambo dogo. Mastura akamkatiza: "Si tezi, ni saratani, na wewe unywe kahawa yako." Nilidhani mgeni atakimbia. Akabaki mpaka magharibi, na alipokuwa akiondoka alimwomba Mastura amsindikize hospitali, maana naye ana jambo titini analolificha tangu mwaka jana. Walikwenda pamoja. Lake limeonekana si baya.

Hapa nyumbani sasa tunasema kila kitu. Si rahisi. Siku nyengine ananiuliza kama naogopa, nami humwambia naam, naogopa sana, kisha tunakula chakula cha mchana. Sikujua kwamba watu wawili wanaweza kuogopa pamoja na bado wakala.

Salem


Muscat
9 Novemba 1997

Mdogo wangu Yaarub,

Andiko ni langu, litazame lilivyokwenda mrama, lakini ni langu.

Nimemaliza. Wamenipiga picha, wamenipima damu, na leo daktari wa Nizwa ameniita mimi kwanza, Salem akabaki nje na moyo wake mkononi. Akaniambia hakuna kinachoonekana. Nikamuuliza maana yake nimepona? Akanambia, "Maana yake hakuna kinachoonekana leo. Nitakwita kila baada ya miezi, na ikipita miaka mitano nitalitumia neno hilo unalolitaka." Angekuwa yule wa zamani angesema nimepona kabisa, nisingemwamini. Huyu nimemwamini.

Nilitoka nje nikamkuta Salem kasimama. Nilitaka kumchezea kidogo, kwa yale ya mwanzo, lakini nilipomwona nikashindwa. Nikamwambia. Bwana yule alisujudu pale pale ukumbini, kati ya viti na watu, na mama mmoja wa Kihindi akasogeza miguu ili kumpisha.

Nywele zimeota, za kipilipili zaidi kuliko za mwanzo. Zakiya anacheka. Nami nacheka.

Mastura


San Francisco
15 Oktoba 2003

Dada yangu Mastura,

Tumeshinda, na safari hii hapana pa kukata rufaa tena.

Mwaka jana nilikwambia kwamba Mahakama ya Rufaa ilisimama nasi: serikali ya shirikisho haiwezi kumnyang'anya daktari ruhusa yake, wala kumchunguza, kwa sababu tu alimpa mgonjwa rai yake ya kweli. Washington wakaipeleka kesi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi. Jana Mahakama ya Juu imekataa kuisikiliza. Hukumu ya rufaa imebaki ilivyo.

Nikupe kweli yote, maana na wewe hutaki nusu. Bangi yenyewe kwa Washington bado ni marufuku. Wanaolima na kugawa bado wanakamatwa, hata humu jimboni, na ugomvi wa serikali hizi mbili juu yake nadhani nitazeeka nao. Tulichoshinda ni ulimi. Mzee Jacob hakuiona siku hii. Alifariki mwaka ule wa tisini na nane, nyumbani kwake, baada ya mwaka mzima wa kula na mkewe mezani. Nilimpigia simu mkewe. Akasema, "Ulimjibu. Wengine wote walimtazama tu." Hiyo ndiyo hukumu niliyoisubiri mimi.

Kadi yangu hawakuigusa. Nimekuwa raia mwaka huu, na siku ya kula kiapo yule ofisa aliyasoma majina yangu yote manne kwa taabu, nami nikamwachia ayamalize.

Asubuhi hii amekuja mgonjwa mpya, mwalimu, mwanamke wa umri wako. Aliuliza swali lake kwa kunong'ona, akitazama mlango. Nikamwambia hapana haja ya kunong'ona. Nikamjibu kwa sauti yangu ya kawaida, mlango wazi.

Yaarub


Muscat
1 Novemba 2003

Mdogo wangu Yaarub,

Ramadhani njema. Barua yako nimeisoma ukumbini, kwa sauti, mbele ya Salem, Zakiya na mumewe, na mke wa Saeed ambaye siku hizi haondoki hapa. Nilipofika pale penye majina manne Salem alipiga makofi peke yake, kisha wote wakamfuata.

Nna langu la kukupa. Mwaka jana, miaka mitano ilipotimia, daktari wa Nizwa alilitumia neno lile. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba sasa yeye ni mkubwa wa wodi, na wiki iliyopita kaniita nikazungumze na madaktari vijana. Nilikwenda. Walikuwa wengi, wamekaa na makoti meupe, wananingoja nisome dua au nitoe shukurani. Niliwaambia kuna mama wa Qurayyat aliyelala kitanda cha pili na mie, aliyejulishwa maradhi yake kwa mwanawe kuteleza ulimi, na yeye hakupona, na siku zake za mwisho alizimaliza akiwakasirikia watoto wake badala ya kuwaaga. Nikawaambia: muulizeni mgonjwa kama anataka kujua. Akisema hataki, mwacheni. Akisema anataka, vuteni kiti.

Msichana mmoja wa nyuma akasimama, akauliza: je, na kama familia inakataza? Nikamwambia, "Familia ni yule pale, bibi. Familia ilikataza, kisha ikaja kushukuru." Salem alikuwa mlangoni. Hakukana.

Umesema utakuja baada ya Idi. Nitakuwa Seeb mbele kabisa, na nitasukuma watu nikuone. Mbele yao usiniulize khabari za afya. Watu watalia na tutachelewa chakula. Niulize ndani ya gari. Nitakujibu moja moja, na majibu yote ni mazuri.

Dada yako, mzima,
Mastura